Daftari Mkononi, Kutoka Magogoni: Mwongozo wa Safari ya Kuusoma Ukristo wa Kwanza wa Pwani

Kabla hujakata tiketi ya boti wala ya basi, panda pantoni pale Magogoni, uvuke hadi Kigamboni, kisha urudi. Nauli ni ndogo na safari ni ya dakika chache. Wakati wa kurudi, sogea upande unaotazama bandari, wapishe wenye baiskeli na matenga ya samaki, uutazame mji. Utauona mnara wa Kanisa la Kilutheri la Azania Front na vigae vyake vyekundu, na mbele kidogo mnara mrefu uliochongoka wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Ujenzi wa makanisa yote mawili ulianza mwishoni mwa karne ya 19 ukakamilika 1902, enzi ambazo mgeni wa Dar es Salaam aliingia kwa njia ya bahari. Wewe uliyezoea kuyapita ndani ya mwendokasi, macho yako kwenye simu, yaone kwanza kama alivyoyaona yeye.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwalimu wa historia, katekista, kiongozi wa kwaya, mwanachuo, na yeyote anayetaka kuchukua siku kumi hivi kuusoma Ukristo wa kwanza wa pwani ya Afrika Mashariki mahali ulipotokea. Si lazima uwe Mkristo. Baadhi ya maswali mazuri niliyowahi kuyasikia katika safari hizi yaliulizwa na wanafunzi Waislamu, kwa sababu historia hii ni ya mji wao pia.

Nianze na jambo ninaloliamini kuliko yote. Vibao vya ukutani vitakupa majina ya maaskofu na wamisionari, wengi wao Wazungu. Majina hayo yaandike, ni ya watu waliofanya kazi na kufa hapa. Lakini waumini wa kwanza wa makanisa haya, waliojaza mabenchi, waliochanganya chokaa, waliopanga herufi kwenye mitambo ya uchapaji na kufundisha watoto kusoma, walikuwa kwa sehemu kubwa watu waliowahi kuuzwa. Walikuwa watoto walioshushwa kwenye majahazi na kina mama walionunuliwa sokoni, waliotoka Ziwa Nyasa, Uyao, Unyamwezi na Manyema. Hao ndio uwatafute katika safari hii. Ukirudi na majina ya maaskofu peke yake, umeleta nusu ya habari.

Neno "kwanza" nalo linahitaji maelezo, maana wanafunzi hulichanganya. Katika upande wetu wa Afrika, Ukristo wa kale hasa uko Ethiopia: ufalme wa Aksum uliupokea karne ya 4, chini ya mfalme Ezana, na makanisa 11 ya Lalibela yaliyochongwa ndani ya mwamba yangali yakitumika kwa ibada hadi leo. Mwenye uwezo wa kufika huko aende, ikiwezekana tarehe 7 Januari, Krismasi yao. Pwani yetu ina tabaka mbili. Ya kwanza ni ya Wareno, kuanzia Vasco da Gama alipofika Malindi 1498, nayo ilizimika karibu yote. Ya pili ilianza 1844, Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa, nayo haijakatika. Safari hii inafuata hiyo ya pili, na inaigusa ya kwanza pale mawe yanapojitokeza.

Siku moja itumie Kariakoo kwa maandalizi. Jina lenyewe tayari ni somo: hapo ndipo Waingereza walipoweka kambi ya wapagazi wao wa Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps, na ulimi wa watu wa mji ukaifanya Kariakoo. Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliongoza mwenyewe kikosi cha wapagazi kutoka Unguja katika vita hiyo. Nunua daftari lenye jalada gumu, penseli (kalamu za wino huloa jasho na mvua), tochi ndogo na mfuko wa plastiki wa kufungia karatasi. Viatu vitafute Mchikichini, kwenye mitumba ya Karume: raba zenye soli nene, kwa sababu utakanyaga matumbawe, magofu na mawe ya makaburi. Wanaume wachukue suruali ndefu, wanawake kanga mbili au tatu. Kanga inafunika mabega kanisani, inafunika kichwa ukialikwa nyumba ya watu Unguja, na inatandikwa ukichoka.

Hati zako zipange mapema. Ukiwa na kitambulisho cha taifa utalipa kiingilio cha raia katika maeneo ya makumbusho, na bila kitambulisho hutapanda boti ya Unguja. Kwa Mombasa utahitaji pasipoti, au hati ya safari ya dharura kutoka Uhamiaji, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kama kundi lako lina wageni kutoka nje ya nchi, waulizie mapema bima ya safari ambayo Zanzibar imeifanya ya lazima kwa wageni tangu Oktoba 2024. Epuka masika, Machi hadi Mei. Juni hadi Agosti hali ya hewa ni nzuri kwa kutembea, ila kusi huvuma na boti hutikisika, kwa hiyo chukua tangawizi au vidonge vya kichefuchefu.

Mjini utatembea kwa miguu. Anzia Azania Front asubuhi, kabla jua halijawa kali. Walutheri wanahesabu mwanzo wao Dar es Salaam kuanzia 1887, alipofika mchungaji Johann Jakob Greiner wa misheni ya Berlin. Omba ruhusa ofisini uingie ndani, ukae kimya dakika kumi kabla ya kuandika chochote. Kisha fuata barabara ya Sokoine hadi Mtakatifu Yosefu, kazi ya Wabenediktini Wajerumani, kanisa lililotabarukiwa 1905. Mwaka huo huo, mwezi Agosti, askofu wao Cassian Spiss aliuawa njiani kuelekea Liwale katika vita vya Maji Maji. Weka tarehe hizo mbili mstari mmoja kwenye daftari lako. Kanisa linatabarukiwa mjini, na kusini watu wananyanyuka kuupinga utawala wa Kijerumani ulioliweka kanisa hilo chini ya mbawa zake. Mwanafunzi asiyezisoma pamoja hataelewa kwa nini misheni ilipendwa hapa na kushambuliwa pale. Misheni ya kwanza ya Wabenediktini hao ilikuwa Pugu, nayo ilivamiwa Januari 1889 wakati wa vita vya Abushiri. Leo Pugu ni kituo cha hija, na ukiwa na nusu siku ya ziada unaweza kufika.

Usiondoke Sokoine bila kusimama mbele ya Atiman House. Ni nyumba ya enzi za Sultani Majid wa Zanzibar, miaka ya 1860, ambayo Mapadre Weupe waliinunua 1922. Wapita njia hawajui jina hilo ni la nani. Adrian Atiman alizaliwa kando ya mto Niger, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa, akakombolewa na mapadre huko Sahara, akasomea utabibu Malta, akafika Karema ukingoni mwa Ziwa Tanganyika 1889. Akatibu watu pale kwa zaidi ya nusu karne, hadi alipofariki 1956. Mwafrika aliyeuzwa kama mzigo, jina lake liko kwenye nyumba katikati ya Dar es Salaam. Mimi kila safari huwasimamisha wanafunzi hapo na kuwaomba walitamke jina lake kwa sauti.

Angalizo moja kuhusu Magogoni: Ikulu ipo hapo, na kivuko na bandari ni maeneo nyeti. Weka kamera mfukoni. Picha za makanisa piga ukiwa ndani ya viwanja vyao na kwa ruhusa.

Kwenda Bagamoyo, panda mwendokasi kutoka Kivukoni hadi Morocco, kisha sogea Makumbusho, ambako utapata magari ya Bagamoyo. Lala huko usiku mmoja angalau. Kundi langu la kwanza nililiburuza vituo saba kwa siku mbili, na tuliporudi hakuna aliyeweza kunieleza tofauti ya Bagamoyo na Mkunazini ya Unguja. Tangu hapo nimejiwekea sheria ya vituo viwili kwa siku, visizidi.

Siku ya kwanza ya Bagamoyo usiende misheni. Nenda Kaole, kilomita chache kusini mwa mji, kwenye magofu ya misikiti na makaburi ya mawe yanayoanzia karne ya 13. Walimu wa dini huniuliza kwa nini. Kwa sababu Ukristo ulifika kwenye pwani iliyokuwa ikiswali, ikisoma na kuandika kwa mamia ya miaka. Msikiti wa Kizimkazi kule Unguja una maandishi ya mwaka 1107. Asiyeanzia hapo atadhani wamisionari walikuta ukurasa mtupu.

Kesho yake nenda misheni ya Roho Mtakatifu. Mapadre wake walivuka kutoka Zanzibar wakafungua kituo hapa 1868, wakiongozwa na Padre Antoine Horner. Miaka minne baadaye, Aprili 1872, kimbunga kikavunja sehemu kubwa ya walichokuwa wamejenga. Makumbusho ya misheni yana minyororo, picha na vitabu, na mwongozaji mzuri atakuchukua saa mbili. Nje kuna mbuyu mkubwa wenye kipande cha mnyororo kilichomezwa na gamba. Wenyeji husimulia kwamba mama mmoja wa misheni alimfungia punda wake hapo, akausahau, na mti ukakua juu yake. Shika mnyororo huo kwa vidole. Chuma kimeingia ndani ya mti kama kidonda kilichopona vibaya.

Kisha nenda kwenye mnara wa kanisa la zamani unaoitwa mnara wa Livingstone. Livingstone hakuwahi kuhubiri hapo, ila mwili wake uliletwa hapo Februari 1874. Waliouleta ndio wa kuandikwa. Alipofia kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, tarehe 1 Mei 1873, watu wake waliuzika moyo chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba miezi tisa hivi hadi baharini. Walikuwamo James Chuma, Abdullah Susi, Jacob Wainwright aliyesoma ibada ya maziko, na Halima aliyekuwa mpishi. Wengi wanamjua Livingstone na hawamjui Halima. Chuma alifia Zanzibar 1882. Susi alibatizwa Daudi 1886, naye akafia Zanzibar 1891. Kwa hiyo ukifika Unguja unaendelea kuwafuata watu wale wale.

Makaburini chukua muda. Nimewafundisha wanafunzi wangu kuandika vitu vinne kwa kila jiwe: jina, mwaka wa kufa, umri, na lugha ya maandishi. Fanya hivyo kwa makaburi ishirini tu, uone kinachotokea. Umri wa mapadre na masista utakushtua, walikufa vijana, malaria haikuwa na huruma. Halafu jiulize waliokombolewa wamelala wapi, na kwa nini mawe yao ni machache.

Misheni ilikuwa pia na kijiji cha waliokombolewa, na kuhusu hicho usikubali simulizi tamu peke yake. Watoto walinunuliwa sokoni kwa fedha zilizochangwa Ulaya, wakasomeshwa, wakaozeshwa, wakapewa nyumba na shamba. Walipata uhai, na walipata pia kengele, zamu, kazi za shamba la misheni na adhabu. Wapo waliotoroka. Paul Kollman ameliandika hilo kwa kina katika kitabu chake cha 2005 kuhusu watumwa na mwanzo wa Ukatoliki Afrika Mashariki, na ukiweza kukipata maktaba kisome kabla ya safari. Muulize mwongozaji kwa adabu: "Shikamoo mzee, hawa waliokaa kijijini walikuwa na ruhusa ya kuondoka?" Jibu lolote utakalopewa, liandike jinsi lilivyosemwa.

Rudi Dar, ulale, kisha panda boti ya asubuhi kwenda Unguja. Ni safari ya kama saa mbili. Wahi bandarini, vibali na mizigo huchukua muda. Kutoka bandari ya Malindi unaweza kutembea hadi Mkunazini kupitia vichochoro vya Mji Mkongwe. Usiogope kupotea, salimia na uulize. "Asalaam aleikum, samahani mama, kanisa la Mkunazini ni njia ipi?" Utaelekezwa, na mara nyingi utasindikizwa. Ukienda Ramadhani usile wala kunywa barabarani mchana, na mchana wa Ijumaa usipange kitu chochote.

Mkunazini ndiyo moyo wa safari hii, na nataka ukae hapo nusu siku nzima. Soko la watumwa lilifungwa kwa mkataba aliotia sahihi Sultani Barghash Juni 1873. Siku ya Krismasi mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa juu ya uwanja wa soko. Krismasi ya 1877 ikafanyika ibada ya kwanza, paa likiwa bado halijakamilika. Askofu Edward Steere ndiye aliyelisimamia, na paa lake la mviringo, la matumbawe na saruji bila boriti, watu walitabiri kwamba litaanguka. Liko mpaka leo.

Ingia taratibu. Mbele ya altare, sakafuni, kuna duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na nyekundu. Hapo, kwa mapokeo ya kanisa, ndipo ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa ili mnunuzi ajue nani mvumilivu. Usilikanyage. Simama kando yake ulitazame hadi litoke kwenye picha za watalii na kuwa mahali. Kuna pia msalaba uliotengenezwa kwa mbao za ule mti wa Chitambo ulipozikwa moyo wa Livingstone. Steere mwenyewe, aliyefariki 1882, amezikwa nyuma ya altare.

Mwishoni mwa kanisa utaonyeshwa nguzo zilizowekwa juu chini, na utaambiwa mafundi walikosea Steere akiwa hayupo. Hadithi hiyo husimuliwa ili watu wacheke. Mimi huwaomba wanafunzi wasicheke. Mafundi hao walipandisha matumbawe kwa mikono, wakasimamisha paa lililowashangaza wahandisi, na kinachokumbukwa juu yao ni nguzo zile tu. Majina yao yako wapi? Swali hilo liandike kwa herufi kubwa.

Utapelekwa pia kwenye vyumba vya chini ya jengo la jirani, utaambiwa watumwa walifungiwa humo kabla ya mnada. Ingia, uone jinsi dari lilivyo chini. Lakini ujue wapo wanahistoria wanaohoji, kwa kuwa jengo lililo juu yake ni la misheni na lilijengwa baada ya soko kufungwa. Mwanafunzi mzuri huuliza jengo ni la mwaka gani kabla ya kuamini alichoambiwa. Uchungu wa mahali hapo haupungui kwa kuuliza, soko lilikuwapo kweli, watu waliuzwa kweli. Nje, sanamu ya watu waliofungwa minyororo ndani ya shimo, kazi ya Clara Sörnäs ya 1998, imewekewa mnyororo halisi wa enzi hizo.

Sasa wafuate wanafunzi wa kwanza. Askofu Tozer alipohamishia makao ya misheni ya Kianglikana ya UMCA Zanzibar 1864, Sultani Majid alimpa wavulana watano waliotolewa kwenye jahazi la watumwa. Wawili kati yao, John Swedi na George Farajallah, walipewa daraja la ushemasi mdogo 1870. Farajallah akafa mwaka huo huo kwa kipindupindu. Kijana mwingine wa shule ya Kiungani, Cecil Majaliwa, Myao, akawa padre 1890, Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kufikia daraja hilo, naye alifanya kazi kusini, upande wa Masasi. Kutoka kwenye jahazi hadi altareni ni miaka michache tu.

Chukua daladala hadi Mbweni. Hapo misheni ilinunua shamba 1871, ikaweka hapo watu waliokombolewa na shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria, ambayo magofu yake yapo karibu na bahari. Kanisa la Mtakatifu Yohana, la 1882, bado linasaliwa. Caroline Thackeray, aliyefundisha hapo tangu 1877, amezikwa Mbweni. Watu wa makundi hukimbilia Mkunazini na kuiacha Mbweni, nami nasema wanakosea. Mkunazini inaonyesha watu walivyouzwa, Mbweni inaonyesha walivyoishi baada yake: kisima, shule, kanisa dogo, makaburi chini ya miti. Nenda alasiri, kaa chini, andika.

Mpenzi wa Kiswahili ana sababu ya ziada ya kuwa Unguja. Steere alichapisha kitabu chake cha kufundishia Kiswahili 1870, na mwaka huo huo mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na Waunguja. Vijana wa misheni walijifunza kupanga herufi, na kutoka katika kazi hiyo zilitoka tafsiri za Maandiko. Mkutano wa Mombasa ulipochagua lahaja ya msingi ya Kiswahili sanifu 1928, ulichagua Kiunguja. Kiswahili unachokisoma sasa hivi kilipita mikononi mwa vijana hao.

Ukiwa na saa moja kabla ya boti, ingia Ngome Kongwe. Waomani waliijenga baada ya kuwaondoa Wareno, mahali palipokuwa na kanisa dogo la Kireno. Jengo la tabaka ile ya kwanza limefunikwa na ukuta wa lile lililofuata.

Kwa Mombasa, basi la alfajiri kutoka Mbezi Luis litakupitisha Tanga na mpaka wa Horohoro. Ni siku nzima barabarani. Mwenye muda ashuke Muheza aione Magila, kituo cha zamani cha UMCA. Badilisha fedha kidogo mpakani na nyingine mjini. Utaingia kisiwani kwa feri ya Likoni, na mtu wa Magogoni atajisikia nyumbani kabisa, msongamano ule ule, haraka ile ile.

Ngome ya Yesu ilijengwa na Wareno kuanzia 1593. Humo ndani tafuta mabaki ya kanisa, kisha omba usimuliwe habari za 1631: Sultani Yusuf bin Hasan, aliyelelewa Goa na kubatizwa Dom Jerónimo, aliurudia Uislamu, akaiteka ngome na kuwaua Wakristo waliokataa kumfuata, Wareno na Waafrika. Kanisa Katoliki huwakumbuka kama mashahidi wa Mombasa. Ni habari nzito, wasimulie vijana bila kumfanya mtu yeyote aliye hai abebe damu ya wakati ule.

Rabai iko bara kidogo, panda matatu kupitia Mazeras. Krapf alimzika mkewe Rosine Mombasa 1844, miezi michache baada ya kufika, na kaburi liko Nyali. Mwenzake Johannes Rebmann alipofika 1846, wakafungua Rabai. Muumini wao wa kwanza alikuwa Mringe, mtu kiwete. Kituo kilikaa miaka mingi na waumini wachache sana, mpaka walipofika Waafrika waliokombolewa baharini na kusomeshwa Nasik, karibu na Bombay. Jacob Wainwright, yule aliyesoma ibada ya Livingstone, alisoma huko huko. Makumbusho ya Rabai yapo katika kanisa la zamani, na wazee wa kijiji wanajua ukoo upi ulitoka wapi. Nenda na sukari na majani ya chai kwa mwenyeji wako.

Mwisho, vuka daraja la Nyali hadi Kengeleni. Jina limetokana na kengele ya Freretown, makazi ya watu waliokombolewa yaliyoanzishwa na misheni ya Kianglikana ya CMS miaka ya 1870. Kengele iligongwa kuonya wavamizi wa watumwa wakikaribia. Magari yanaizunguka sasa, matatu yanapiga honi, na wengi wanaotaja jina la kituo hawajui kengele ililia kwa ajili ya nani. William Jones na Ishmael Semler, waliotoka Bombay, walifanywa mashemasi hapa 1885. Jones ndiye aliyekuwa Rabai wakati watoro kutoka mashambani walipokimbilia misheni kwa mamia, na mwanzoni mwa 1889 watu zaidi ya 1,400 wakalipiwa fidia na kupewa hati za uhuru.

Ukirudi Magogoni usiliweke daftari kabatini. Makaburi ya pwani yanaliwa na chumvi na mizizi, na kila mwaka herufi zinafifia. Nakili majina yote uliyoyasoma kwa mwandiko safi, andika mahali na tarehe uliyoyaona, upeleke nakala moja kwa wenye kanisa ulikoyapata na nyingine maktaba ya chuo au ya parokia yako. Kama ulipata jina hata moja la fundi, mpishi, mwalimu au mtoto wa shule ambalo halipo ukutani, anza na hilo, uliandike mstari wa kwanza.